Majina Yasiyoandikwa: Hotuba ya Siku ya Mashujaa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, mwenye kuhuisha na kufisha, ambaye kwake hakuna aliyefichika, mkubwa wala mdogo. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amma baad.

Enyi wazee waheshimiwa, ndugu Waislamu, akina mama, na vijana wa madrasa. Siku ya leo, tarehe 3 Februari, ni siku ambayo nchi yote ya Msumbiji, tangu Ruvuma hata Maputo, huwakumbuka mashujaa wake. Ndiyo siku aliyouawa Dokta Eduardo Mondlane mwaka 1969, mjini Dar es Salaam, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Alizikwa ugenini, na baadaye mabaki yake yakarudishwa nyumbani, yakawekwa katika Uwanja wa Mashujaa, Maputo. Kila mwaka maua huwekwa pale kwa taadhima, na katika wilaya zote wakubwa wa serikali na wananchi husimama kwa ukimya kwa ajili ya waliokufa wakiitetea nchi.

Hayo ni mambo mema, kwani asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu ipasavyo. Lakini watu wa pwani hii, wa Palma na Kionga, wa Mocímboa da Praia na visiwa vyake, wanalo swali ambalo maua hayalijibu. Maua hunyauka siku ya tatu. Je, yakisha kunyauka, deni la waliokufa limelipwa? Na yule askari ambaye hakuna ajuaye kaburi lake, wala siku aliyokufa, wala jina alilopewa na mama yake, deni lake liko kwa nani?

Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa katika vita mojawapo, na Mwenyezi Mungu akampa ushindi. Vita vilipokwisha aliwauliza masahaba wake kama yuko mtu wanayemkosa. Wakamtaja fulani na fulani, watu wenye majina. Akawauliza mara ya pili, wakataja tena fulani na fulani. Akawauliza mara ya tatu, wakasema hapana tena. Ndipo Mtume akawaambia ya kuwa yeye anamkosa Julaybib, akaamuru atafutwe.

Basi, Julaybib alikuwa nani? Hakuwa mkubwa wa kabila wala mwenye mali. Alikuwa mtu duni machoni pa watu, hata kupata mke kulikuwa kuzito kwake mpaka Mtume mwenyewe alipomposea. Wakamtafuta, wakamkuta amelala kando ya maadui saba aliowaua, kisha wao wakamwua. Mtume akaenda akasimama mbele yake, akashuhudia ya kuwa huyu ni katika watu wake. Kisha akambeba kwa mikono yake miwili hata kaburi lilipokwisha kuchimbwa, wala Julaybib hakuwa na jeneza jingine illa mikono ile.

Tazameni, enyi ndugu, jinsi jambo lenyewe lilivyokwenda. Masahaba hawakuwa watu wabaya, nao waliulizwa mara tatu. Lakini macho ya watu, hata watu wema, huwaona kwanza wenye majina. Wale wengine hawaonekani mpaka atokee mtu wa kuwauliza. Swali lile la Mtume ndilo swali lipasalo kuulizwa katika siku kama ya leo: yuko nani mwingine ambaye bado hakutajwa?

Na tarikh ya pwani hii imejaa watu wasiotajwa. Mwezi wa Machi 1916 Ujerumani ilitangaza vita juu ya Ureno, na tarehe 10 Aprili mwaka ule ule askari wa Kireno wakaingia Kionga, kile kipande cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekishika tangu 1894. Palma ikageuka kambi. Tarehe 27 Mei Wareno walijaribu kuuvuka mto, wakarudishwa nyuma na risasi. Mwezi wa Septemba walivuka, wakafika Newala, na kabla ya mwaka kwisha wakafukuzwa huko. Kisha tarehe 25 Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alivuka Ruvuma kuja kusini, akaiteka ngome ya Negomano. Tangu siku ile alizunguka ndani ya Msumbiji karibu miezi kumi, na majeshi ya Wareno na ya Waingereza yakimfuata, hata mwisho wa Septemba 1918 alipovuka tena kurudi kaskazini.

Vita vile vilikuwa vya Wazungu, lakini mzigo wake ulikuwa juu ya vichwa vya Waafrika. Katika nchi ile hapakuwa na reli, barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo unga, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na wapagazi. Wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Walikamatwa vijijini, wakafungwa kamba, wakapelekwa. Na wengi zaidi waliuawa na njaa, homa na kuhara kuliko waliouawa na risasi.

Huko Negomano aliuawa mkubwa wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, na jina lake limo katika vitabu mpaka leo. Mpagazi aliyembebea sanduku lake hamo. Upande wa Waingereza, hesabu iliyoandikwa na wakubwa wao wenyewe ilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanazuoni wa tarikh walioipima upya hesabu ile wameifikisha karibu na 100,000. Mtu aendaye Dar es Salaam hupita Kariakoo kununua nguo na sufuria, na aghlabu hajui ya kuwa jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale. Mji ule ule unayo sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake huwakumbuka pia wapagazi, kwamba walikuwa ndiyo miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri, lakini chini yake hakuna jina hata moja la mpagazi.

Wala haya si maneno ya wazee waliokasirika. Mwezi wa Aprili 2021, miaka zaidi ya 100 baada ya vita vile, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na yamkini wakafika 350,000, aghlabu yao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Basi ikiwa dola iliyokuwa na makarani wengi namna ile, na karatasi nyingi namna ile, iliweza kuacha maelfu kwa maelfu bila ya majina, kilichowafanya waachwe si uchache wa wino. Waliachwa kwa kuwa watu wale hawakuhesabiwa kuwa ni watu wa kuulizwa.

Ama vita vya kuikomboa nchi, hivyo vilikuwa vya watu wa nchi wenyewe. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kudai haki yao, wakapigwa risasi. Taarifa iliyozoeleka katika taifa husema waliokufa walizidi 600, na baadhi ya wanazuoni wa tarikh husema walikuwa wachache mno kuliko hao. Ubishi huu umekwenda miaka zaidi ya 60, na sababu yake ni moja: majina hayakuandikwa. Lau yangaliandikwa, kila jina lingalisimama likajishuhudia lenyewe, na asingalipatikana mtu wa kubishana na makaburi.

Mwaka 1962 Frelimo iliundwa Dar es Salaam, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi ya kwanza ikapigwa Chai, katika jimbo hili hili la Cabo Delgado. Vijana walivuka Ruvuma usiku, wakaenda kufundishwa Kongwa na Nachingwea, wakarudi na bunduki. Walikuwamo Wamakonde na Wamwani na Wamakua, Waislamu na Wakristo, na wasiokuwa na dini hizi mbili. Wengi walipewa majina ya vita ili jamaa zao wasije wakaadhibiwa na Wareno. Ilikuwa hekima, lakini nayo ilikuwa na gharama yake. Kijana aliyeitwa jina moja na mama yake aliitwa jina jingine kambini. Alipokufa porini, wenzake walilijua lile la kambini, na mama yake alikuwa akimwulizia kwa lile la nyumbani. Majina mawili yale hayakukutana, na mama akafa akingojea.

Na wengine hawakushika bunduki, nao walikufa kwa sababu ya vita vile. Polisi ya siri ya Wareno, iliyoitwa PIDE, iliwatilia shaka Waislamu wa kaskazini kwa kuwa walikuwa na jamaa na walimu ng'ambo ya mto. Masheikh na walimu wa vyuo walikamatwa, na ngome ya Ibo ikawa gereza la wafungwa wa siasa. Wako walioingia katika ngome ile wasitoke. Mapatano yalipotiwa sahihi Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, na bendera ilipopandishwa tarehe 25 Juni 1975, watu walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini katika furaha ile swali la Julaybib halikuulizwa mara tatu.

Kisha ndugu wakapigana na ndugu tangu 1977 hata amani ya Roma, tarehe 4 Oktoba 1992. Na baada ya hapo watu walidhani mambo ya vita yamekwisha. Lakini alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa na watu waliodai kusimama kwa jina la Uislamu. Mwezi wa Aprili 2020, huko Xitaxi, waliwaua vijana 52 waliokataa kujiunga nao. Tarehe 12 Agosti 2020 waliushika mji wa Mocímboa, na haukutoka mikononi mwao hata Agosti 2021. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia Palma. Walichoma nyumba, na shule, na hospitali, hata misikiti. Waliwachinja Waislamu na Wakristo pamoja. Watu waliokimbia makwao, kwa mahesabu ya nyakati mbalimbali, walikaribia milioni moja, na waliouawa katika miaka hii wamezidi 4,000.

Katika vita hivi wamekufa askari wa Msumbiji waliotoka majimbo yote ya nchi, vijana wa Inhambane na Zambézia na Nampula, ambao hawakuwahi kuiona Palma mpaka walipoletwa kuilinda. Walikuja pia askari wa Rwanda, na wa nchi za kusini mwa Afrika waliokaa tangu 2021 hata 2024, na baadhi yao hawakurudi kwao wakiwa hai. Na wazee waliopigana na Mreno walichukua tena silaha katika uzee wao kuvilinda vijiji vyao, pamoja na wana wao, katika kikosi kilichoitwa Força Local. Mzee afaye katika kiambo chake, hana nguo za askari wala namba ya jeshi, ni nani atakayemwandika?

Hapa husimama mtu mmoja akasema: ya nini taabu yote hii? Mwenyezi Mungu anawajua wote, na thawabu zao ziko kwake, naye hahitaji daftari la binadamu. Neno hili ni kweli, na aliyelisema kabla ya watu wote ni Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi. Zilipomfikia habari za vita vya Nahawandi, mjumbe alimtajia waliouawa, na wa kwanza wao alikuwa jemadari wao, Nuuman bin Muqarrin. Akamtajia na wakubwa wengine, kisha akasema wako na wengine ambao Amiri wa Waumini hawajui. Umar akalia, akasema haiwadhuru kitu kutojulikana na Umar, madhali Mwenyezi Mungu awajua.

Lakini angalieni alifanya nini Umar huyu huyu. Yeye ndiye aliyeanzisha diwani, daftari la kwanza la dola ya Kiislamu, ambamo waliandikwa wapiganaji kwa majina yao na makabila yao, na wake zao na watoto wao, ili kila mmoja apate fungu lake. Basi Umar hakuona ya kuwa elimu ya Mungu inamwondolea mtu wajibu wake. Machozi yake yalikuwa kwa ajili ya waliokufa, na daftari lake lilikuwa kwa ajili ya waliobaki. Waliokufa hawahitaji kuandikwa ili Mola wao awajue. Wanaohitaji kuandikwa kwao ni wajane, mayatima, wadeni na warithi.

Na hili si jambo la maneno tu, bali ni jambo la sharia lililo wazi. Mwanamke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, na eda huhesabiwa tangu kifo. Mirathi haigawanywi mpaka kifo kithibiti. Deni la maiti hulipwa kabla ya warithi kupewa kitu, na Mtume mwenyewe alikuwa akiuliza kwanza juu ya deni kabla ya kumsalia maiti. Haya yote yanasimama juu ya nguzo mbili: jina lijulikane, na kifo kijulikane.

Ama aliyepotea, asijulikane yu hai au amekufa, wanazuoni wamemweka katika mlango wa peke yake. Sayyidna Umar alihukumu ya kuwa mke wake angoje miaka minne, kisha akae eda, ndipo awe huru. Na Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo pwani hii, katika kauli yake ya mwisho alitaka mke angoje mpaka iwe yakini ya kuwa mumewe amekufa. Fikirini basi hali ya mwanamke aliyekuwa na miaka ishirini mumewe alipoondoka kwenda vitani, na hakuna aliyerudi kumwambia neno. Hakuachwa, wala hakufiwa. Akiolewa huogopa dhambi, asipoolewa hukosa wa kumlisha. Kiwanja cha mumewe hakigawanywi, na shemeji zake wanalima humo. Watoto wake hawaitwi mayatima, kwa hiyo sadaka ya mayatima haiwafikii. Yote haya yamefungwa na kamba moja tu, nayo ni kukosekana kwa mstari mmoja wa maandishi usemao: fulani mwana wa fulani alikufa siku fulani, mahali fulani, na mashahidi ni hawa.

Enyi ndugu, mstari ule una thamani kwa mjane yule kuliko shada la maua lililo kubwa kuliko yote. Na kuuandika hakumngojei waziri wala jemadari. Mtu yeyote ajuaye kusoma na kuandika aliyekaa na wazee jioni moja barazani anaweza kuuandika.

Kuna swali la pili ambalo vijana huliuliza, nalo halifai kufichwa. Husema: askari waliokufa si wote Waislamu, je, yafaa Mwislamu kuwaheshimu wote? Jibu liko katika Sahihi mbili. Lilipita jeneza mbele ya Mtume, naye akasimama. Akaambiwa ya kuwa maiti yule ni Myahudi. Akawarudishia swali, kwani haikuwa ile ni nafsi? Basi aliyesimama kwa jeneza la mtu asiyekuwa wa dini yake, ambaye hakumtendea lolote, atasemaje mfuasi wake juu ya kijana Mkristo wa Zambézia aliyekufa katika mchanga wa Palma ili mama wa Kiislamu apate kukimbia na mtoto mgongoni? Kila dini ina ibada zake za maziko, na hizo hazichanganywi. Ama heshima, na kuwapa pole wafiwa, na kuwalisha watoto wao, hayo ni ya watu wote.

Na neno la shahidi litumiwe kwa adabu. Dola humwita mtu shujaa, na hiyo ni haki yake, kwani dola huona matendo ya nje. Lakini nani shahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, hilo halijui mtu. Wale waliochoma misikiti huwaita maiti wao mashahidi, na madai yao hayawafai kitu. Wala kumheshimu askari si kusema ya kuwa hakuwa na kosa. Askari ni binadamu. Aliyedhulumu atahesabiwa kwa dhuluma yake, na aliyelinda atalipwa kwa kulinda kwake.

Iko na huzuni nyingine ambayo husemwa kwa sauti ndogo. Katika vijiji hivi wako akina mama ambao wana wao walichukuliwa na waasi, wengine kwa nguvu wakiwa wadogo, wengine kwa kudanganywa, wakafa upande ule. Mama hao hawathubutu kulia mbele za watu. Hukumu ya wana wao iko kwa Mwenyezi Mungu, wala haipasi kuchanganya jina la aliyeua na jina la aliyeuawa akilinda. Lakini watoto walioachwa hawakuua mtu, na hakuna nafsi ibebayo dhambi ya nafsi nyingine. Yatima ni yatima. Msikiti utakaowafungia mlango hao utakuwa umewapelekea waasi askari wa kesho.

Basi kinachoombwa na siku hii kwa jamaa ya Waislamu ni kitu kidogo, tena kizito. Lifunguliwe daftari. Kila msikiti, na kila chuo, liwe nalo. Ndani yake liandikwe jina la marehemu, na jina la baba yake na la mama yake, na jina la vita kama alikuwa nalo, na kijiji chake, na siku na mahali alipofia kwa kadiri ijulikanavyo, na majina ya mashahidi wawili, na mke, na watoto, na deni. Waandikwe wa vita vya sasa kwanza, kwa kuwa wajane wao wako hai na wanangoja. Waandikwe wa 1964 hata 1974, kwa kuwa waliowajua ni wazee sasa, na kila mwaka hupungua. Waandikwe hata wapagazi wa 1916, akiwapo mjukuu aliyesikia kwa babu yake jina la aliyepelekwa asirudi.

Daftari liandikwe nakala mbili, na moja iwekwe mbali na kijiji, kwa sababu katika mioto ya 2020 na 2021 watu wengi walipoteza vyeti vyao vyote, wakawa hawana hata cha kuonyesha majina yao wenyewe, seuze ya maiti wao. Habari za kifo zikisha kuthibiti, zipelekwe kwa kadhi au kwa sheikh ajuaye, na kwa ofisi ya serikali, mjane apate uamuzi na warithi wapate haki. Asiandikwe mtu kwa kudhania, wala jina lisitiwe kwa kujipendekeza, kwani daftari lenye uwongo mmoja huharibu ukweli mia.

Na kila ifikapo tarehe 3 Februari, watu watakaporudi kutoka kwenye nguzo ya kumbukumbu, wakusanyike msikitini, isomwe khitima, na kabla ya dua yasomwe majina yote kwa sauti, la tajiri na la maskini bila ya kutangulizana. Kila msomaji amalizapo, awaulize waliohudhuria mara tatu, kama alivyouliza Mtume: yuko mwingine mnayemkosa? Na akisimama bibi kizee kutoka safu ya nyuma akataja jina ambalo hakuna alijuaye, kalamu iwe tayari.

Ewe Mola, uliyewajua kabla hawajazaliwa na unayewajua walikolala, warehemu waumini waliokufa katika nchi hii, mabondeni na baharini, wenye makaburi na wasio na makaburi. Wape subira wajane, na walezi wema mayatima. Uiponye nchi ya Msumbiji na vita, uzizime fitina, na uwarudishe majumbani kwao waliokimbia. Amin, ya Rabbal alamin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.